"Bidhaa Zikiuzwa Hazirudishwi": Kauli Isiyo na Mwenyewe

Waswahili wametuonya tangu jadi tusinunue mbuzi kwenye gunia. Aliyelitoa onyo hilo alikuwa na bahati moja: mbuzi, gunia, muuzaji na mnunuzi wote walikuwa katika soko moja, na aliyeingiwa na shaka angeweza kuomba gunia lifunguliwe. Leo hii gunia ni picha katika rununu. Mbuzi yuko Kakamega, mnunuzi yuko Voi, na pesa husafiri kabla mnyama hajalia hata mara moja. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe nchini mwezi Machi mwaka wa 2007, kumtumia pesa mtu usiyemjua kumekuwa jambo la sekunde chache. Kuzirejesha ndiko kunakochukua majuma, na aghalabu huvunja ujirani ambao haukuwa hata umeanza.

Nina sababu mbili za kuliandikia jarida hili mintarafu ya jambo hilo. Ya kwanza ni kwamba mimi ni mchuuzi. Tangu mwaka wangu wa pili wa shahada ya kwanza nimekuwa nikiuza mtandaoni vitabu vilivyotumika: kamusi, riwaya, tamthilia na diwani chache ambazo ni adimu madukani. Hupiga picha, huandika maelezo mafupi, hupokea malipo kwa simu, hukifunga kitabu kwa gazeti na nailoni, kisha hukikabidhi kwa ofisi ya basi. Biashara hiyo imenilipia sehemu ya karo ya uzamili, ingawa haijanifanya tajiri. Ya pili ni kwamba mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na kwa miaka hii yote nimeshindwa kuutazama ugomvi wa muuzaji na mnunuzi bila kuusoma kama matini. Imani yangu ni hii: ugomvi mwingi kuhusu kurudisha bidhaa na kurejeshewa pesa hauzaliwi siku ambapo bidhaa inafika. Huzaliwa siku ilipoelezwa. Kueleza ni kazi ya lugha, na kazi hiyo sisi wanachama wa vyama vya Kiswahili tumemwachia kila apitaye.

Hebu tuianze safari yetu na kauli iliyo mashuhuri kuliko zote katika uwanja huu: "Bidhaa zikiuzwa hazirudishwi." Imeandikwa chini ya risiti, imebandikwa ukutani madukani, aghalabu kwa Kiingereza, na sasa wauzaji wa mtandaoni wameihamishia katika kurasa zao bila kuihoji. Itazame kwa jicho la mwanasarufi. Kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendwa na mtenda hayupo. Ni nani asiyerudisha? Ni nani asiyepokea? Muuzaji hakusema "sipokei", kwani angesema hivyo angekuwa na uso, na mwenye uso huulizwa maswali. Amesema "hazirudishwi", kana kwamba ni tabia ya maumbile, mithili ya kusema mito haipandi milima. Hakuna muda, hakuna sharti, hakuna kauli ya isipokuwa. Isitoshe, hiyo "-ki-" ya "zikiuzwa" inaficha swali zito: kuuzwa hukamilika lini? Dukani, kuona, kulipa na kupokea hutukia kwenye meza moja kwa dakika moja. Mtandaoni, mnunuzi hulipa Jumatatu akiwa Mombasa, kitabu huondoka Nairobi Jumanne, naye hukiona Jumatano, baada ya kitabu kusafiri takriban kilomita 480. Muuzaji anaposema "zikiuzwa" anakusudia Jumatatu. Mnunuzi huelewa Jumatano. Wote wawili wanasema Kiswahili, na bado hawajaelewana.

Ubaya ni kwamba kauli hiyo, licha ya udhaifu wake wa kisarufi, haina nguvu ambayo wengi huidhania. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa zitakazomwezesha kufaidika nazo, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Kabla ya Katiba hiyo tulikuwa tayari na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofinyangwa kwa mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1893. Kifungu chake cha 15 kinasema, kwa maneno yangu, kwamba bidhaa ikiuzwa kwa kuelezwa, lipo sharti lisilohitaji kutamkwa kuwa bidhaa hiyo italingana na maelezo. Kisha ikaja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka wa 2012, yenye sehemu mahususi kuhusu mikataba ya intaneti. Humo muuzaji anatakiwa kumpa mnunuzi taarifa muhimu kabla ya mkataba, na kumpa nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha.

Msomaji mpendwa, litazame tena neno hilo: maelezo. Sheria haikusema bidhaa ilingane na matumaini ya mnunuzi, wala na nia njema ya muuzaji. Ilingane na maelezo. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili yuko nyumbani kwake. Upo pia msingi wa kale katika mfumo wa sheria tuliourithi kwa Waingereza kwamba utata wa maneno hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Kwa hivyo muuzaji anayeandika kwa ulegevu anajiandalia kushindwa kwa kalamu yake mwenyewe.

Nitoe mfano ninaoufahamu vyema. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1981, toleo la pili likatoka mwaka wa 2004, na la tatu mwaka wa 2013. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, aliinadi kamusi hiyo kwa maneno matatu: "KKS, hali nzuri." Picha aliichukua mtandaoni, nayo ilikuwa ya toleo la tatu. Kitabu alichotuma kilikuwa cha toleo la pili. Mnunuzi, mwalimu wa shule ya upili, akadai pesa zake. Muuzaji akajibu kwamba alisema KKS na KKS ndiyo iliyofika. Jalada ni safi, kurasa zote zipo. Waliteta kwa siku tisa. Kila mmoja alimwona mwenzake mlaghai, na kwa maoni yangu hakuna aliyekuwa mlaghai. Lakini mwenye deni alikuwa mmoja: muuzaji. Picha nayo ni maelezo. Ukiiweka picha ya toleo la tatu umelitaja toleo la tatu, hata kama kidole chako hakikuandika tarakimu.

Na hiyo "hali nzuri" ndiyo fumbo kubwa zaidi. Hali nzuri kwa nani? Kwa msomaji anayetaka kupata kisa tu, riwaya iliyopigwa mistari kwa wino mwekundu iko katika hali nzuri. Kwa mtafiti anayetaka kunukuu, ukurasa mmoja uliochanika ni msiba. Wachuuzi wa mitumba wa Gikomba wametutangulia katika jambo hili. Wao wana "kamera", nguo ya daraja la kwanza, na wana "fagia", masalio yaliyobaki chini baada ya wengine kuchagua. Anayenunua fagia anajua anachonunua na harudi kulalamika kwamba kifungo kimekosekana. Istilahi hizo hazikutungwa na kamati yoyote wala hazijafika katika kamusi zetu, lakini zinazuia ugomvi mwingi kila uchao. Sisi wauza vitabu tuna nini? Tuna "hali nzuri", "nzuri sana" na, Mungu atusamehe, "kama kipya".

Ilhali msamiati upo tele. Jalada lililochubuka. Pembe zilizokunjika. Mgongo uliolegea. Kurasa zilizopigwa mistari, na ni mistari ya penseli au ya wino. Jina la mwenyewe wa kwanza kwenye ukurasa wa mwanzo. Madoa ya chai. Harufu ya unyevu, kasoro ambayo picha haiwezi kuionyesha hata ingepigwa na fundi wa namna gani. Tangu nianze kuzitaja kasoro moja moja, tena kwa kuanza na iliyo mbaya zaidi, wanaodai kurejeshewa pesa wamekuwa wachache mno. Jambo la kushangaza ni kwamba mauzo hayakupungua. Mnunuzi akiambiwa kuhusu doa huamini yasemwayo kuhusu kurasa zilizosalia.

Wazee wa pwani waliosoma fikihi wangetucheka kwa kulichukulia suala hili kama jambo jipya. Kumuuzia mtu kitu asichokiona ni mas-ala ya kale katika vitabu vya sheria za Kiislamu. Madhehebu ya Hanafi yaliiruhusu biashara hiyo na kumpa mnunuzi hiari ya kuikataa bidhaa atakapoiona. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika uswahili wetu, yalikuwa makali zaidi kuhusu kuuza kisichoonekana. Yote yaliitambua hiari inayotokana na kasoro. Katika Kiarabu kasoro hiyo huitwa kwa neno ambalo ndilo lililotupa "aibu". Sisi tumelibakiza neno na kulihamisha kutoka kwenye bidhaa hadi kwenye uso wa mtu. Sijui kama kuna maelezo mafupi zaidi ya wajibu wa muuzaji: aibu ya bidhaa ikifichwa, huwa yake.

Hata hivyo, sitaki nieleweke kwamba mnunuzi ni malaika. Kuna msemo unaorudiwa kila mahali kwamba mteja ni mfalme, na wapo wafalme madhalimu. Kila mwaka wakati wa mtihani wa KCSE nikikaribia kupumzika, hupokea ujumbe wa aina moja. Mtu aliyenunua kitabu teule mwezi wa Februari anataka kukirudisha mwezi wa Novemba, akisema hakimfai. Kilimfaa miezi tisa. Mwingine alinirudishia riwaya ambayo si ile niliyomtumia. Jina la kitabu ni lile lile, lakini nakala yangu ilikuwa na muhuri wa mwenyewe wa kwanza, na iliyorudi ilikuwa chapa ya uharamia, wino umefifia na kurasa za katikati zimepandana. Nilimtumia picha mbili, ile niliyoipiga kabla ya kufunga na ile ya kilichorudi, nikamwambia kwamba kitabu chake kiko ofisini kwa basi anakingoja. Sikumwita mwizi. Hakujibu, na baada ya wiki moja kitabu kilichukuliwa.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji huliita "kurivasi". Mtu akituma pesa kwa nambari isiyo sahihi anaruhusiwa kuomba muamala ubatilishwe kwa kuupeleka ujumbe wa uthibitisho kwenye nambari 456. Ni huduma ya busara. Nani hajawahi kukosea tarakimu? Lakini wapo wanaopokea bidhaa mkononi, kisha wakiwa njiani wanadai kwamba walikosea nambari. Mama anayeuza nguo za watoto hugundua jioni kwamba hana nguo wala pesa. Safaricom ilipoanzisha Pochi la Biashara mwaka wa 2020, moja ya faida zilizotajwa ilikuwa kwamba mnunuzi hawezi kuubatilisha muamala pasi na ridhaa ya mfanyabiashara. Nalipenda jina hilo, Kiswahili kisicho na madoido, na nalipenda zaidi kwa kuwa linamkumbusha kila mtu kwamba pesa zikishaingia humo ni za biashara na si za bahati mbaya. Wauzaji wadogo waitumie. Lakini ngao hiyo ina upande wa pili: kama mnunuzi hawezi kuzichukua pesa zake mwenyewe, basi muuzaji ndiye aliyebaki kuwa hakimu wa kesi yake. Hakimu wa namna hiyo anahitaji masharti yaliyoandikwa mapema. Vinginevyo atakuwa anahukumu kwa hasira.

Wapo watakaosema kwamba mahakama ipo. Kweli ipo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Milimani mwezi Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini ni nani atakayepoteza siku nzima kwa ajili ya riwaya ya shilingi 450? Ugomvi wa kiwango hicho hauamuliwi na hakimu. Huamuliwa katika jumbe tano au sita za simu, na hapo ndipo nataka wasomaji wangu wasimame nami kidogo.

Mnunuzi ameandika: "Kitabu kimefika, lakini kurasa nane hazipo." Muuzaji anajibu: "Pole." Ni neno tamu, tumefunzwa nyumbani kulitumia. Lakini "pole" humwambia mtu kwamba limempata jambo na mimi nimelisikia. Humwambia aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyechoka kwa safari. Halisemi lolote kuhusu nani aliyelisababisha. Ukimkanyaga mtu kwenye matatu ukamwambia "pole" badala ya "samahani", atakugeukia. Mnunuzi naye hugeuka, na mara nyingi hawezi kueleza kwa nini jibu la upole namna ile limemwasha moyo. Kinachomwasha ni kwamba muuzaji amejiweka katika safu ya waombolezaji ilhali yeye ndiye aliyeuza. Kurasa zikikosekana, neno ni "samahani", na sentensi inayofuata ni ya pesa: "Samahani, nilipaswa kukutajia. Leo jioni nitakurejeshea shilingi 450 na nauli." Kinyume chake, ofisi ya basi ikichelewesha kifurushi kwa sababu ya mafuriko, "pole" inatosha, na anayekimbilia "samahani" anajitwika mzigo ambao si wake na baadaye ataudaiwa. Nimeona mabishano yaliyoanza vibaya yakitulizwa kwa kubadilisha neno hilo moja. Wanapragmatiki wetu wanaotafuta mada za tasnifu wana shamba jipya hapa, na sijui kwa nini bado wanagombania hotuba za wanasiasa.

Namna ya kuitana nayo ina uzito wake. Kabla ya malipo mnunuzi ni "dada yangu", "mama", "mkubwa". Baada ya lalamiko anageuka kuwa "wewe mteja". Naye humjibu muuzaji kwa "wewe konmani". Aliyeitwa mama jana akiitwa wewe leo anajua kwamba umama wake ulikuwa wa shilingi 450. Ushauri wangu ni kwamba mtu aitwe jina lile lile mwanzo hadi mwisho, hata anapokataliwa dai lake. Tena anapokataliwa ndipo hasa. "Mama, kitabu hiki ulikaa nacho miezi tisa, sitaweza kukipokea tena" ni kukataa kuliko kamili, na hakuna aliyevuliwa nguo.

Sasa nije kwenye istilahi, maana najua baadhi ya wahadhiri wetu wamekuwa wakinisubiri hapo. Pesa anazorudishiwa mnunuzi tuziiteje? Vijana husema "rifandi", nao hunyambua: nirifandi, amenirifandi. Wengine hupendekeza "marejesho". Neno hilo ni zuri ila lina kazi nyingine tayari: katika vyama vya akiba na mikopo, marejesho ni yale mafungu ambayo mkopaji hulipa kila mwezi. Mwambie mama wa chama kwamba utampa marejesho naye atakuuliza ulikopa lini. "Fidia" nayo si sahihi, kwani fidia hulipwa kwa hasara au madhara. Mtu anayerudishiwa bei aliyoitoa hajafidiwa chochote, amerudishiwa kilicho chake. Kuyachanganya hayo mawili humfanya muuzaji ajihisi mkarimu anapotimiza wajibu tu. Mimi hupenda kutumia vitenzi na kuacha nomino zipumzike: bidhaa hurudishwa, pesa hurejeshwa. Vitenzi hivyo ni vya ukoo mmoja kimaana, lakini katika matumizi ya biashara vinaweza kugawana kazi bila fujo, na mnunuzi asiye na shahada yoyote ataelewa papo hapo.

Mtu atauliza, na kwa haki, mbona tusiwaandikie wateja kwa Sheng maadamu ndiyo wanayoinunulia? Katika mazungumzo sina pingamizi. Mimi mwenyewe hujibu "poa" nikiambiwa "fiti". Lakini masharti ya kurudisha bidhaa ni maneno yatakayosomwa na watu wawili waliokasirika, pengine mmoja wao ana umri wa miaka 19 na anaishi Umoja na mwingine ana miaka 60 na anaishi Lamu. Yanahitaji lugha ambayo maana yake haibadiliki kutoka mtaa hadi mtaa. Kwa upande mwingine, Kiingereza cha mawakili ambacho wauzaji huiga kutoka tovuti za ng'ambo hakimsaidii yeyote. Nimesoma masharti ya muuzaji wa viatu wa hapa Nairobi yanayomtaka mnunuzi afuate sheria za jimbo moja la Marekani. Bila shaka aliyanakili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ikiwa hadhi hiyo haiwezi kumfikia mtu anayedai shilingi 450 za kiatu kilichobanduka soli, basi tumeisherehekea bure kila mwaka katika makongamano yetu.

Najua pia pingamizi la walimu wangu wa fasihi: hii ni kazi ya wanasheria na watu wa biashara, wewe rudi kwenye riwaya zako. Sikubaliani nao, kwa heshima. Mwanafasihi amefundishwa kuuliza ni nani anayesema, kwa nani, na ni nini alichokinyamazia. Hayo matatu ndiyo hasa yaliyokosekana katika "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi". Vyama vyetu huandaa mashindano ya mashairi na mijadala, jambo jema. Havijawahi, kwa kadiri niliyoshuhudia chuoni kwetu, kukaa alasiri moja na wauzaji wa nje ya lango na kuwaandikia masharti wanayoweza kuyabandika. Wanafunzi wenzetu wengi ni wauzaji: wa perfyumu, wa viatu, wa chakula, wa vitenge. Wangekuja.

Ili nisionekane ninayeagiza wengine, nayatoa masharti ninayoyatumia mimi. Ni mafupi kwa makusudi, kwani mnunuzi huyasoma akiwa amesimama:

"Kitabu nilichokueleza ndicho nitakachokutumia. Kikifika kikiwa na kasoro ambayo sikuitaja, nitumie picha ndani ya siku tatu tangu ukichukue; nitakurejeshea bei yote pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Ukibadili nia tu, nirudishie ndani ya siku saba kikiwa katika hali ile ile. Nauli itakuwa juu yako, na bei nitakurejeshea nikishakiona. Kitabu teule cha shule sikipokei mtu akibadili nia. Pesa nitazirejesha kwa nambari iliyozituma, si nyingine."

Msomaji ataona kwamba kila kitenzi kina mwenyewe. Ataona pia kwamba nauli humfuata yule ambaye neno lake halikutimia: mimi nikikosea kueleza, mimi hulipa, yeye akibadili nia, yeye hulipa. Sharti la nambari niliongeza baada ya kusikia visa vya watu wanaodai pesa zipelekwe kwa "ndugu", na ndugu huyo akawa hajulikani na aliyenunua.

Kuna mwenzangu wa isimu ambaye tayari amelishambulia sharti la tatu. Anasema "hali ile ile" ina utata: ni hali ya siku nilipopiga picha, ya siku nilipokifunga, au ya siku alipokipokea? Nikampa "kikiwa kama ulivyokipokea". Akauliza ni nani atakayethibitisha alivyokipokea. Nikamwambia kwamba sasa huwaomba wanunuzi wakifungue kifurushi mbele ya karani wa ofisi ya basi na kukipiga picha hapo hapo. Amekwenda kufikiria kuhusu hilo.